Barua kwa mwanangu: kabla hujamlipa ajenti

Mwanangu,

Sisi wazima, bibi yako anakusalimu. Picha za mkataba na ile karatasi ya malipo nimezisoma. Umeuliza kama ulipe kesho kwa sababu ajenti anasema kuna mtu mwengine anaitaka nyumba hiyo ya South B. Usilipe kesho. Nyumba ikichukuliwa, Nairobi haijaisha nyumba.

Nianze na hesabu yake: kodi ya mwezi 28,000, dipoziti 28,000, dipoziti ya maji 2,500, ya stima 2,500, na 3,000 za mkataba. Jumla 64,000. Kodi pamoja na dipoziti ya mwezi mmoja ni jambo la kawaida. Ya maji ina sababu, kwani maji hutumiwa kwanza, bili ikaja baadaye. Lakini stima unasema ni ya tokeni. Anayenunua umeme kabla ya kuutumia ataacha deni gani? Muulize hiyo 2,500 inalinda nini. Huenda akakwambia tokeni hazitoki Kenya Power moja kwa moja, bali mwenye nyumba ameweka mita zake ndogo na anauza mwenyewe. Ikiwa ni hivyo, bei ya yuniti moja iandikwe kwenye mkataba, la sivyo utauziwa kwa bei anayoitaka. Na zile 3,000, akisema ni ushuru wa stempu, mwambie akupe risiti ya KRA, mamlaka ya ushuru. Ushuru wa mkataba usiozidi miaka 3 ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, kwa hivyo kwako ni 3,360, na mkataba hurudi umepigwa stempu. Kama si stempu, basi unalipia karatasi iliyochapishwa zamani inayobadilishwa jina tu. Bishana.

Hayo ni madogo. Kubwa ni ukurasa wa kwanza, palipoandikwa jina la kampuni ya ajenti mahali pa mwenye nyumba. Mwenye nyumba hasa hatajwi popote. Ajenti ni mtu wa kati anayelipwa asilimia fulani ya kodi anayokusanya, na wenye nyumba huwabadilisha maajenti mara kwa mara. Siku hiyo ikifika, ajenti mpya atakwambia vitabu alivyokabidhiwa havina dipoziti yako. Wa zamani atasema alishamkabidhi mwenye nyumba. Mwenye nyumba humjui jina, wala hana simu yako. Hivi ndivyo dipoziti nyingi zinavyopotea, hata pale ambapo hakuna mwizi.

Kwa hivyo omba mambo haya kwa maandishi. Mwenye nyumba atajwe kwa jina kamili na nambari ya kitambulisho, na ajenti atie sahihi kwa niaba yake. Kiongezwe kifungu kinachosema dipoziti iliyopokewa na ajenti imepokewa na mwenye nyumba, naye atawajibika kuirudisha hata ajenti akibadilishwa. Kisha upewe nakala ya barua inayomruhusu ajenti kuisimamia nyumba hiyo. Ajenti wa kweli anayo barua hiyo kwenye faili, na kuitoa hakumchukui dakika kumi. Akikataa kabisa kumtaja mwenye nyumba, achana naye. Maajenti husajiliwa na Estate Agents Registration Board chini ya Sura ya 533 ya sheria za Kenya. Mwombe nambari yake ya usajili, kisha uulize bodi kama wanamtambua.

Pesa zilipwe kwa nambari ya paybill au akaunti ya benki yenye jina lililo kwenye mkataba. Nambari ya simu ya mtu binafsi, hata akiwa ndiye keateka, yule mtunzaji wa jengo, hapana. Na uangalie vizuri unapoandika nambari ya nyumba kwenye sehemu ya akaunti. Ukikosea tarakimu moja, kodi yako inaingia kwa jirani, nawe unapigwa faini ya kuchelewa. Kila miezi mitatu omba taarifa ya akaunti yako, makosa yaonekane mapema.

Kabla ya kutia sahihi nenda ukaikague nyumba jioni, saa moja au mbili, wakati kila mtu anatumia maji. Fungua shawa na bomba la jikoni pamoja. Yakichuruzika wakati huo, ndivyo yatakavyokuwa siku zote. Kisha funga bomba zote uitazame mita ya maji. Kigurudumu kidogo kikiendelea kuzunguka, kuna mahali panavuja, mara nyingi kwenye tangi la choo, na bili hiyo itakuwa yako. Yuniti moja ya maji ni lita 1,000, kwa hivyo choo kinachovuja usiku na mchana hula yuniti nyingi kwa mwezi. Kwenye stima, zima swichi kuu ya nyumba yako uangalie kama taa za korido au za jirani zimezimika nazo, maana zikizimika zinakula stima yako. Ikiwa ni mita ya Kenya Power, nunua tokeni ya shilingi 100. Yuniti zikiwa chache mno, uliza kama mita ina deni la mpangaji aliyetoka.

Siku ya kupokea funguo piga video ya kila chumba kabla hujaingiza hata godoro. Pita kwenye kuta, dari, soketi, vioo vya dirisha, kabati za jikoni, na mita zote mbili namba zikisomeka. Itume kwa baruapepe ya ajenti siku hiyohiyo, uandike kasoro moja moja. WhatsApp pekee haitoshi, kwani simu hupotea na ujumbe hufutika. Uliza pia funguo ziko seti ngapi, na ukipata ruhusa badilisha kitasa cha mlango mkuu.

Kifungu cha rangi umekiona? Kinasema mpangaji atapaka rangi nyumba yote anapohama. Hapo ndipo dipoziti huliwa. Kubali kupaka ikiwa tu nyumba imepakwa upya siku unapoingia, na kiongezwe kwamba uchakavu wa kawaida haukatwi, na kila makato yawe na risiti ya fundi.

Mkataba ni wa mwaka mmoja, lakini sioni kifungu cha kutoka mapema. Bila hicho, ukihamishwa kazi mwezi wa tano wanaweza kukudai miezi iliyobaki. Waandike notisi ya mwezi mmoja kwa pande zote mbili, na kodi isipandishwe kabla ya miezi 12 kwisha. Notisi yoyote utakayotoa iwe ya maandishi kwa ajenti. Kumwambia keateka langoni hakuhesabiki.

Matengenezo: balbu na sinki lililoziba ni zako, bomba ndani ya ukuta na paa ni vya mwenye nyumba. Usitengeneze kwa pesa zako ukitarajia kukata kwenye kodi kama hukupewa idhini ya maandishi.

Mahakama inayosikiliza kesi za kodi za nyumba, Rent Restriction Tribunal, inahusu nyumba za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi, kwa hivyo si yako. Wakikataa kurudisha dipoziti, andika barua ya madai ukiwapa siku 14, kisha nenda Mahakama ya Madai Madogo. Inashughulikia madai hadi shilingi milioni 1, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Ile video na ile baruapepe ndizo utakazobeba siku hiyo. Na hata ukichelewesha kodi, keateka hana ruhusa ya kukufungia mlango wala kushika vyombo vyako. Kushika mali kwa ajili ya kodi ni kazi ya dalali wa mnada mwenye leseni.

Mtumie ajenti marekebisho haya leo jioni kwa baruapepe. Akirudisha mkataba mpya nitumie ukurasa wa kwanza na wenye kifungu cha dipoziti kabla hujalipa.

Mamako