Maswali ya Wasomaji: Darubini Nzuri na Namna ya Kuitunza

Katika toleo hili ukurasa wa maswali unahusu darubini za mkononi, zile za macho mawili ambazo hutumiwa na waongoza watalii, mabaharia, askari wa wanyamapori na watu wanaopenda kutazama ndege. Barua ndefu tumezifupisha, na zilizofanana tumeziunganisha.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni dereva na mwongoza watalii. Mwaka huu nimenunua darubini ya 8x42 (inayokuza mara 8, yenye lenzi za mbele zenye upana wa milimita 42) iliyotengenezwa Austria, nayo imemeza akiba yangu ya misimu kadhaa. Nashinda nayo Ndutu na Serengeti, na kila jioni inarudi imejaa vumbi. Baadhi ya wenzangu wananiambia niifute mara tu ninaposhuka garini, na wengine wananiambia lenzi zisiguswe kabisa. Nimsikilize nani?
*Mwongoza watalii, Karatu*

JIBU: Hongera kwa kupata chombo hicho, ndugu yangu. Wenzako wa pande zote mbili wana sehemu ya ukweli. Vumbi halifai kuachwa juu ya lenzi likalala na umande, lakini kitambaa kiwe kitu cha mwisho kugusa kioo, si cha kwanza.

Vumbi la Ndutu na tambarare za kusini mwa Serengeti lina asili ya majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro, na ndani yake mna chembe ngumu zenye kingo kali. Unapoifuta lenzi ikiwa kavu kwa pindo la shati, unazikokota chembe hizo juu ya kioo, na kinachoumia kwanza ni utando mwembamba sana uliopakwa juu yake ili mwanga upite badala ya kuakisiwa. Utando wa namna hiyo ulibuniwa mwaka 1935 na Alexander Smakula alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Zeiss mjini Jena, Ujerumani. Pasipo utando huo, kila uso wa kioo hurudisha nyuma takriban asilimia 4 ya mwanga unaoufikia, na ndani ya darubini moja mwanga hukutana na nyuso nyingi kabla ya kufika jichoni, kwa hiyo hasara hujumlishana. Mikwaruzo midogo ya kila siku haionekani mapema. Utaigundua baadaye, utakapomtazama chui juu ya mgunga na jua likiwa mbele yako, ukaona picha imepauka na sehemu zilizopaswa kuwa nyeusi zimekuwa za kijivu.

Jioni, shika darubini lenzi zikitazama chini, kisha pulizia hewa kwa kipulizio cha mpira kinachouzwa na wauza vifaa vya kamera. Usipulize kwa mdomo, maana mate hurukia kioo. Vumbi litakalobaki liondoe kwa brashi laini ambayo manyoya yake hayaguswi na vidole, kwa sababu mafuta ya ngozi yakishaingia kwenye brashi utakuwa unayapaka kwenye lenzi kila siku. Ikiwa bado pana alama ya kidole au tone lililokauka, hapo ndipo unapotia tone la dawa ya kusafishia lenzi kwenye kitambaa cha maikrofaiba, si kwenye lenzi yenyewe, na kufuta kwa kuzungusha kutoka katikati kuelekea ukingoni bila kukandamiza. Dawa ya vioo vya madirisha isikaribie kabisa, wala dawa ya meno, ambayo bado wapo watu wanaoipendekeza. Siku nyingi kipulizio na brashi vitatosha, na kadiri unavyofuta mara chache ndivyo lenzi zinavyodumu.

Lenzi za upande wa jicho zinahitaji uangalifu zaidi kuliko zile kubwa za mbele, kwa kuwa darubini inaponing'inia kifuani hizo ndizo zinazotazama juu na kupokea vumbi, jasho na makombo ya chakula cha mchana. Aidha, wageni unaowaazima huacha juu yake losheni ya kuzuia jua, na losheni hiyo hushika vumbi kama gundi. Kifuniko cha mpira kinachokaa kwenye mkanda, ambacho huja pamoja na darubini na ambacho watu wengi hukitoa siku ya kwanza kwa kuona kinasumbua, kirudishe mahali pake.

Darubini za daraja la hiyo yako kwa kawaida hazipitishi maji. Ukishahakikisha hivyo katika kitabu chake cha maelekezo, siku ambayo vumbi limezidi unaweza kuisuuza kwa maji safi ya bomba yanayotiririka taratibu, kisha uiache ikauke kivulini. Zaidi ya hayo, usiiache kwenye dashibodi. Joto la gari lililofungwa hulainisha grisi ya ndani, nayo huweza kutawanyika na kuacha utando wa mafuta kwenye vioo ambavyo wewe mwenyewe huwezi kuvifikia.

SWALI: Assalaam aleikum. Marehemu baba yangu alikuwa baharia na ameniachia darubini yake ya 7x50 katika mkoba wa ngozi. Nilipoifungua baada ya kukaa kabatini muda mrefu, nimeona ndani ya lenzi moja kitu kama nyuzi nyembamba nyeupe. Fundi saa wa mtaani kwetu amesema ataifungua na kuisafisha. Nimpe?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Wa aleikum salaam. Mwenyezi Mungu amrehemu baba yako. Tafadhali usimpe bado.

Ulichokiona kwa maelezo yako ni kuvu, na ndilo gonjwa kubwa la darubini katika ukanda wetu wa pwani. Ili uhakikishe, ingia chumba chenye giza, mulika kurunzi kupitia lenzi ya mbele na utazame kwa upande. Kuvu huonekana kama nyuzi zinazotawanyika kutoka kitovu kimoja. Vidoa vilivyotengana ni vumbi tu na havina madhara makubwa, na bato lenye rangi za upinde wa mvua karibu na ukingo huwa ni dalili kwamba gundi iliyounganisha vioo viwili imeanza kuachia. Mbegu za kuvu zimo hewani kila mahali na haziwezi kuzuiwa zisiingie katika chombo cha zamani. Zinachokisubiri ni unyevu, giza na hewa isiyosogea, na hayo yote matatu hupatikana ndani ya mkoba wa ngozi uliofungiwa kabatini mahali ambapo unyevu wa hewa mara nyingi unapita asilimia 70. Ngozi yenyewe hufyonza unyevu na kuuhifadhi, na ndiyo sababu mkoba ule, hata uwe mzuri namna gani, uwekwe kando kama kumbukumbu.

Kuvu ikiachwa hutoa tindikali inayokula utando wa lenzi na hatimaye kioo chenyewe, na alama hizo hazifutiki tena. Ikiwahiwa, husafishika. Hata hivyo, ugumu wa kazi hii haumo katika kusafisha bali katika kurudisha vioo mahali pake. Darubini ni mirija miwili inayotakiwa kutazama upande mmoja barabara, na ndani ya kila mrija wa darubini kama yako mna prizimu mbili, yaani vipande vya kioo vinavyoukunja mwanga, mpangilio ambao Mwitaliano Ignazio Porro aliupatia hataza mwaka 1854. Prizimu moja ikisogea kidogo tu, macho yako yatapewa picha mbili zisizolingana. Kwa hiyo fundi yeyote utakayempelekea, muulize kwanza jambo moja: akishaifunga, atatumia kifaa gani kuhakikisha kwamba mirija yote miwili imelingana? Fundi wa vifaa vya lenzi mwenye kifaa cha kupimia ulinganifu atakuonyesha. Asiyekuwa na jibu asipewe, hata kama ni hodari wa saa.

Wakati unamtafuta fundi, itoe gizani, iweke mahali pakavu penye hewa na mwanga wa mchana ila si kwenye jua la moja kwa moja, na uitenge na kamera au darubini nyingine za nyumbani. Ikishasafishwa, makazi yake yawe mkebe wa plastiki wenye mfuniko unaobana vizuri, pamoja na kipima unyevu kidogo na silika jeli (chembe zinazofyonza unyevu) ya kutosha. Lengo ni unyevu wa asilimia 40 hadi 50. Ukaushaji uliopita kiasi nao si mzuri kwa grisi na mipira. Nunua silika jeli inayobadilika rangi. Ile ya rangi ya chungwa hugeuka kijani inapojaa maji, na unaweza kuikausha upya kwa kuimimina kwenye trei ya bati, isiyotumiwa kwa chakula, na kuiweka katika joto la nyuzi 120 hivi kwa saa moja au mbili mpaka rangi yake irudi. Wengi hununua vipakiti hivyo mara moja na kuviacha humo miaka, ilhali vimekwisha kushiba na havifanyi kazi yoyote.

Je, inafaa kuigharamia? Kwa maoni yangu, ndiyo, ikiwa kuvu haijala kioo. Namba 7x50 haikuchaguliwa na mabaharia bila sababu: ukigawa 50 kwa 7 unapata mwale wa mwanga wenye upana wa milimita 7 hivi unaoingia jichoni, ambao ni karibu sawa na upana wa mboni ya kijana gizani, na ukuzaji wa mara saba unavumilika hata chombo kinapoyumba. Ni darubini ya usiku na ya bahari, na utakapoitumia huko, ifute chumvi kwa kitambaa kilicholoweshwa maji yasiyo na chumvi kila unaporudi. Kwa kuwa ni ya zamani, usiisuuze bombani kama nilivyomwelekeza ndugu yetu wa Karatu.

SWALI: Shikamoo, Mhariri. Mimi ni mwalimu mlezi wa klabu ya mazingira shuleni. Nimeonyeshwa Kariakoo darubini iliyoandikwa 90x80 kwa bei ndogo, wakati dukani 8x42 ni ghali mno. Kwa nini namba ndogo iwe na bei kubwa?
*Mwalimu, Dar es Salaam*

JIBU: Marahaba, mwalimu. Namba ya kwanza ni ukuzaji, na ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Chukua rula na upime lenzi ya hiyo 90x80. Mara nyingi hutaikuta hiyo milimita 80. Hata kama ingekuwa kweli, ukuzaji wa mara 90 hauwezi kushikwa kwa mkono, kwa kuwa kila mtetemo wa mkono nao hukuzwa mara 90. Mara nane humleta mnyama aliye umbali wa mita 400 aonekane kama yuko mita 50, na hilo latosha kwa heroe wa Ziwa Manyara na kwa chozi anayeruka kwenye maua ya bustani ya shule.

Bei inapanda kwa ajili ya vitu visivyoonekana kwa nje: kioo kinachozuia rangi za pembeni, utando uliopakwa kwenye kila uso na si uso wa mbele tu, gesi kavu ya naitrojeni inayozuia ukungu usifanyike ndani, na, katika darubini zenye mirija iliyonyooka, utando maalumu wa prizimu ambao Zeiss waliuanzisha mwaka 1988. Zile za juu kabisa za Austria na Ujerumani hupita dola 2,000 za Marekani, na shule haina haja nazo. Kwa dola 300 hadi 500 hupatikana 8x42 isiyopitisha maji yenye karibu yote niliyoyataja. Ningewashauri mnunue moja ya namna hiyo kuliko kumi za barabarani, na wanafunzi wafundishwe tangu siku ya kwanza kuvaa mkanda shingoni kabla ya kutazama, na kutoielekeza kwenye jua kamwe.

SWALI: Ninavaa miwani. Nikitazama kwa darubini naona duara dogo tu katikati.
*Msomaji, Nakuru*

JIBU: Zungusha vikombe vya macho mpaka vishuke kabisa, vinapokuwa juu ni kwa ajili ya wasiovaa miwani. Duara lisipopanuka, darubini hiyo haina nafasi ya kutosha kati ya lenzi na jicho. Unaponunua nyingine, tafuta iliyoandikwa milimita 16 au zaidi katika kipimo hicho.

SWALI: Darubini yangu ilianguka kutoka mezani. Haina ufa wala mchubuko, lakini tangu siku hiyo nikiitumia dakika chache naumwa kichwa.
*Askari wa wanyamapori, Morogoro*

JIBU: Pole, afande. Kwanza ondoa sababu nyepesi. Kunja mirija mpaka maduara mawili yawe duara moja. Kisha ziba lenzi ya kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka picha iwe wazi ukitumia jicho la kushoto peke yake, halafu ziba ya kushoto na ufanye vivyo hivyo kwa jicho la kulia ukitumia pete yake ndogo ya diopta, yaani ya kusawazisha tofauti ya macho mawili, ambayo huenda ilizunguka ilipoanguka.

Maumivu yakiendelea, ilaze darubini juu ya ukuta au mfuko wa mchanga na uielekeze kwenye waya wa umeme ulio mbali au ukingo wa paa la bati. Rudisha kichwa nyuma taratibu, kiasi cha kiganja kimoja, mpaka uyaone maduara mawili yaliyotengana. Mstari huo ukiwa juu katika duara moja na chini katika jingine, prizimu imesogea. Macho yetu yanaweza kuvumilia kidogo picha zilizopishana kwa upande, lakini zilizopishana juu na chini hayavumilii, na misuli yake hujaribu kuzivuta mpaka kichwa kiume. Usijaribu skrubu zozote, hata zile ndogo zilizofichwa chini ya mpira, kwa sababu ukifungua chombo chenye gesi unaitoa gesi hiyo, na kuijaza tena ni kazi ya karakana ya mtengenezaji. Andika namba yake ya utambulisho, tafuta risiti, na uulize wakala wa kampuni gharama za matengenezo kabla ya kuituma. Kwa darubini ya bei ya chini, gharama hizo huweza kuzidi bei ya mpya.