Kishanga cha kioo kwenye hadubini
Umeuliza kama kijilenzi cha nyongeza kinaweza kuifanya hadubini ya kawaida ione vitu vidogo zaidi. Ndiyo, ila kiguse sampuli au kiwe karibu mno nayo; kukibandika kwenye lenzi ya kutazamia, ile unayowekea jicho, ni kukuza ukungu tu. Mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe alionyesha mwaka 1873 kwamba mwanga una mpaka wake: nukta mbili zilizoachana chini ya nanomita 200 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) huonekana doa moja. Kijilenzi hicho, yaani kishanga cha kioo cha mikromita chache (mikromita ni nanomita 1,000), huvuka mpaka huo kwa kudaka mwanga wenye taarifa za vitu vidogo zaidi, ambao hufifia palepale juu ya sampuli. Usishangae ukilazimika kushusha fokasi chini ya uso wa sampuli, taswira iko huko. Kero? Unaona kieneo kidogo tu, na kingoni mistari hupinda.