Maswali ya Wasomaji: Kurasa Zinazohama na Redio Isiyosoma Flashi

Barua nne nilizozichagua safari hii zinafanana kwa jambo moja: katika zote, kila kifaa ni kizima kikiwa peke yake, na tatizo huanza pale kinapokutanishwa na mwenzake.

Ndugu Mhariri, nina steshenari ndogo karibu na chuo hapa Morogoro, na kazi yangu kubwa ni kuchapa na kuprinti kazi za wanafunzi. Mwanafunzi huniletea tasnifu ya kurasa 62 ambayo anaapa kwamba ameipanga vizuri kwake, lakini nikiifungua hapa inakuwa na kurasa 67, vichwa vya sura vimeangukia mkiani mwa kurasa, majedwali yamekatika, na namba za yaliyomo hazilingani na kurasa zenyewe. Printa nayo hugoma mara kwa mara na kuwasha taa ya kudai karatasi ilhali trei imejaa. Wateja wameanza kunong'ona kwamba naongeza kurasa makusudi ili niwatoze zaidi. Je, kompyuta yangu ina virusi?

Ndugu yangu wa Morogoro, hakuna dalili ya virusi katika maelezo yako, na katika mgogoro huo wewe na wateja wako nyote mnasema kweli. Faili ya Word haina kurasa ndani yake. Kinachohifadhiwa ni maneno pamoja na maagizo: aya hii iandikwe kwa herufi za aina fulani zenye ukubwa wa 12, mistari iachane kwa nafasi moja na nusu, pembeni paachwe sentimita mbili na nusu. Ukitaka kulishuhudia hilo kwa macho yako, chukua nakala ya faili yoyote yenye mkia wa .docx, badilisha mkia uwe .zip, kisha uifungue. Utakuta ndani yake mafaili madogo madogo, na maneno ya mwanafunzi yamo katika lile linaloitwa document.xml, bila ukurasa hata mmoja. Kurasa hupangwa upya kila mara faili inapofunguliwa, na mpangaji ni kompyuta iliyoifungua, kwa kutumia herufi ilizo nazo yenyewe.

Hapo ndipo kurasa zako tano zinapozaliwa. Word ya mwaka 2007 ilikuja na herufi za Calibri kama chaguo lake la kawaida, na kuanzia mwaka 2023 matoleo mapya yalianza kuhamia kwenye herufi za Aptos. Mwanafunzi mwenye kompyuta mpya huandika kwa Aptos bila hata kujua kwamba amechagua kitu, na kompyuta yako yenye toleo la zamani, kwa kuwa haina herufi hizo, huazima nyingine zilizo karibu. Tofauti ya upana kati ya herufi na herufi ni ndogo kama unywele, lakini neno moja likisukumwa kwenda mstari wa pili, mstari mmoja ukasukumwa kwenda ukurasa wa pili, na jambo hilo likarudiwa katika kila aya ya tasnifu nzima, mwisho wake ni huo unaouona. Mtego mbaya zaidi ni kwamba jina la herufi huendelea kuonekana katika kisanduku cha juu hata kama herufi zenyewe hazimo katika kompyuta yako, kwa hiyo ukitazama hapo utadhani kila kitu kiko sawa. Wanaotumia LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi kama Word na Excel, wana nafuu kidogo kwa faili za Calibri, kwa sababu programu hiyo huja na herufi za Carlito ambazo zilichongwa makusudi ziwe na upana uleule.

Dawa ya kudumu ni kuwazoesha wateja wako kuleta kazi iliyokamilika katika muundo wa PDF, ambao kampuni ya Adobe iliutoa mwaka 1993 na ambao umekuwa kiwango cha kimataifa tangu mwaka 2008. Katika PDF kila herufi imeshapewa mahali pake, na kwa kawaida herufi zenyewe husafiri ndani ya faili, kwa hiyo kompyuta yako haiachiwi chochote cha kukisia. Nafahamu utakachosema: mwanafunzi hufika kaunta akakumbuka kwamba msimamizi alimwagiza aongeze shukrani, na PDF hairekebishwi kirahisi. Basi mwambie alete zote mbili. Vilevile mwelekeze aingie katika mipangilio ya Word kwenye kompyuta yake, sehemu ya kuhifadhi, aweke alama panapohusu kupachika herufi ndani ya faili. Faili itanenepa kidogo, lakini itakuja na herufi zake.

Sehemu ya lawama, hata hivyo, inawaangukia wanafunzi, na nawaomba radhi wale watakaosoma hapa. Kuna mtu anayesogeza kichwa cha sura katikati kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara thelathini, na kuna anayeanzisha sura mpya kwa kubonyeza Enter mpaka ukurasa uishe. Kazi iliyopangwa hivyo haiwezi kuvuka kutoka kompyuta moja kwenda nyingine ikabaki salama, hata herufi zikifanana. Ukurasa mpya huanzishwa kwa kubonyeza Ctrl na Enter kwa pamoja, na kuweka kichwa katikati kuna kitufe chake.

Kuhusu printa, jibu ni fupi: inachodai ni karatasi ya Marekani. Kompyuta nyingi husimikwa zikiwa na mipangilio ya Kiingereza cha Marekani, na huko karatasi ya kawaida ni Letter, yenye milimita 216 kwa 279, ilhali A4 tunayoinunua sisi ina milimita 210 kwa 297. Faili ikisema Letter, printa husubiri Letter, na haijali kwamba umejaza rimu nzima ya A4. Badilisha ukubwa wa karatasi ndani ya faili, kisha katika mipangilio ya printa yenyewe, na ufanye hivyo kabla ya kugusa yaliyomo, kwa sababu kurasa zitahama tena. Ukishamaliza, bofya ndani ya yaliyomo na ubonyeze F9 ili namba zijisahihishe, ikiwa mwanafunzi hakuziandika kwa mkono.

Kwa habari ya minong'ono, ifungue faili mteja akiwa amesimama hapo, mhesabu kurasa pamoja, na akubali idadi kabla ya karatasi ya kwanza kutoka.

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Mombasa. Wazazi hunitumia kaswida za watoto kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, nami nimezikusanya katika flashi mpya ya GB 64 ili nizisikilize garini. Redio ya gari inaandika kwamba hakuna kitu, ilhali flashi hiyohiyo inasomeka vizuri kwenye kompyuta, na flashi yangu kuukuu ya GB 8 yenye mawaidha inacheza garini bila shida. Kijana mmoja alinibadilishia majina ya faili yaishie kwa .mp3, lakini hali ni ileile.

Waalaykum salaam, maalim. Una matatizo mawili yaliyopandana, na ndiyo maana kila ukigusa moja unaona kama hujafanya kitu.

La kwanza ni namna flashi ilivyoumbizwa, yaani ilivyopangwa ndani ili ipokee faili. Flashi za hadi GB 32 kwa kawaida hutoka kiwandani zikiwa na mpangilio wa FAT32, ambao karibu kila redio ya gari inaufahamu, na zile kubwa kuliko hapo mara nyingi hutoka na exFAT, mpangilio mpya zaidi ambao kompyuta inausoma lakini redio nyingi za gari haziujui kabisa. Kwa redio yako, flashi ile ni kitabu kilichoandikwa kwa hati isiyoisoma, na badala ya kusema hivyo inasema kitabu ni kitupu. Naona huo ni utovu wa adabu wa watengenezaji, kwa maana mtu huambiwa flashi yake haina kitu, akaamini imekufa, akaitupa.

La pili ni sauti zenyewe. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp huhifadhiwa kwa muundo uitwao Opus, ambao hubana sauti vizuri sana, lakini redio ya gari iliyoundwa kwa ajili ya MP3 haina uwezo wa kuufungua. Yule kijana alikuwa na nia njema, ila kubadilisha mkia wa jina hakubadilishi kilichomo. Mtu havai kanzu akawa maalim papo hapo. Faili inapaswa kugeuzwa kwa programu. Ile ya VLC, ambayo ni ya bure, inaifanya kazi hiyo: kwenye kompyuta fungua menyu yake ya kwanza, chagua kugeuza, weka faili zako, na uchague MP3.

Wala usinunue kitu. Saa moja ya MP3 ya kiwango cha kawaida cha kilobiti 128 kwa sekunde huchukua takriban MB 58, kwa hiyo ile flashi kuukuu ya GB 8 ina nafasi ya zaidi ya saa 120 za kaswida, na redio imeshaikubali. Ile ya GB 64 ibaki kwa kompyuta. Ukishikilia kuiumbiza upya kwa FAT32, nakili kwanza kila kilichomo mahali pengine, kwa sababu kuumbiza hufuta vyote, na ujue kwamba FAT32 haipokei faili moja inayofikia GB 4. Kaswida hazitafika huko, ila video ya maulidi nzima yaweza kufika.

Nilinunua taa ya kuchaji kwa ajili ya usiku umeme unapokatika hapa Bukoba. Ina tundu la USB-C, sawa na simu yangu, lakini chaja ya simu pamoja na waya wake haviichaji kabisa. Waya mfupi uliokuja na taa, wenye kichwa kipana cha zamani upande mmoja, unaichaji. Je, niliuziwa taa mbovu?

Taa ni nzima, ila imetengenezwa kwa ubahili. Chaja yenye tundu la USB-C haitoi umeme mpaka ihakikishe kwamba upande wa pili kuna kifaa kinachouhitaji, na uthibitisho huo ni kizuizi kidogo cha kiloohmu 5.1 ambacho kila kifaa kinapaswa kuwa nacho ndani ya tundu lake. Mtengenezaji wa taa yako, kwa kila dalili, hakukiweka. Chaja ya zamani yenye tundu pana haiulizi swali hilo, hutoa volti 5 wakati wote, na kwa hiyo taa inapata chakula chake. Utunze waya ule mfupi na uutumie na chaja yoyote yenye tundu pana, hautaidhuru taa.

Kompyuta mpakato yangu ina Windows 10 na inafanya kazi vizuri. Mimi ni mweka hazina wa chama chetu hapa Nakuru, na hesabu zote zimo humo. Fundi ameniambia kwamba haikubali Windows 11, hivyo niiuze ikiwa bado ina bei. Nifanyeje, nami sina pesa ya kununua nyingine?

Dada, usiiuze kwa neno la mtu mmoja. Ni kweli kwamba Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, lakini kompyuta haizimiki kwa sababu hiyo; inachokosa ni viraka vya usalama, na kwa mtu anayetunza fedha za wenzake hilo si dogo. Kwa watumiaji binafsi kuna mpango wa nyongeza wa viraka hivyo hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na unaandikishwa kutoka ndani ya mipangilio ya masasisho ya kompyuta yenyewe.

Kabla ya lolote, hakikisha kwamba kukataliwa huko ni kwa kweli. Windows 11 hudai kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na katika kompyuta nyingi kijenzi hicho kimo ila kimezimwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, na usome toleo. Ikisema hakipo, mwombe fundi aangalie katika mipangilio inayofunguka kabla Windows haijawaka, ambako kwenye kompyuta za Intel hupewa jina la PTT na kwenye za AMD fTPM. Kisha tazama jina la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta: i5-8250U ni ya kizazi cha 8 na inakubaliwa, i5-7200U ni ya kizazi cha 7 na haikubaliwi hata TPM ikiwashwa.

Ikiwa yako ni ya kundi hilo la pili, unaweza kujaribu Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ambao ni wa bure na hufunguka kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote. Kama hesabu za chama ziko katika Excel, LibreOffice itazifungua. Kama ziko katika programu maalumu ya Windows, programu hiyo haitakubali kirahisi ndani ya Mint, na hapo ni heri ubaki ulipo kwa sasa. Nakili hesabu zote kwenye flashi nyingine kwanza, kisha washa Mint na ujaribu vitu vitatu tu: Wi-Fi, faili ya mwezi uliopita, na printa.