Wasomaji wanauliza: Safari ya Tibet, tuanze na mahali pa kulala

Barua kuhusu safari za kuongozwa katika nyanda za juu za Tibet zimekuja nyingi. Tumechagua tano na kuzifupisha, na badala ya majina tumeweka miji.

SWALI: Ninaongoza wageni Kilimanjaro na kilele cha Uhuru nimefika mara nyingi. Mgeni wangu wa zamani amenialika Tibet: usiku 2 Lhasa, usiku 1 Shigatse, kisha moja kwa moja kambi ya Everest upande wa kaskazini. Nimeona kambi yenyewe iko mita 5,200 hivi, chini kabisa ya kilele chetu. Je, lipo la kunitia wasiwasi? (Moshi)

JIBU: Lipo, ndugu yetu, na limo katika ratiba uliyotumiwa. Kilimanjaro unafika juu alfajiri, unapiga picha, na kabla jua halijazama umesharudi kambi ya Horombo, mita 3,720. Tibet hakuna Horombo. Uwanda wote uko juu: Lhasa mita 3,650, Shigatse 3,840, eneo la Tingri kama 4,300, monasteri ya Rongbuk, jirani na kambi ya Everest, karibu 5,000. Ukizidiwa Rongbuk usiku wa manane, gari litakushusha kwa saa nyingi na bado utaishia Shigatse, ambako ni juu kuliko Horombo.

Kwa hiyo ukipokea ratiba ya Tibet chukua kalamu, acha kwanza majina ya vivutio, na kando ya kila usiku andika urefu wa mahali utakapolala. Madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, kitanda cha leo kisizidi cha jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku 3 au 4 ulale palepale usiku wa pili. Ratiba yako inaruka zaidi ya mita 1,100 kati ya Shigatse na Rongbuk kwa siku moja. Inauzwa sana kwa sababu ni fupi na bei yake nafuu, na ndiyo inayowaacha watu wakitapika usiku kucha mbele ya mlima waliotoka mbali kuuona.

Sisi tungeipanga hivi: usiku 3 Lhasa, usiku 2 Shigatse, usiku 1 Tingri, halafu Rongbuk. Hata hapo mruko wa mwisho ni kama mita 700, kwa hiyo anayeamka Tingri kichwa kikimgonga afike Rongbuk mchana, autazame mlima, arudi kulala Tingri. Vipito vya njiani visikusumbue sana. Kamba La, karibu mita 4,800 juu ya ziwa Yamdrok, Karo La yenye barafu yake, karibu 5,000, na Gyatso La, 5,248, vyote unavipita kwa gari (*la* kwa Kitibeti ndiyo kipito cha mlimani). Kosa linalofanyika pale ni kuruka kutoka garini na kukimbilia picha. Shuka taratibu, kaa dakika 15, endelea.

Uzoefu wako utakusaidia kutambua dalili mapema, lakini mwili hauweki akiba. Wiki chache tu ukiwa Moshi, mazoea yote ya mwinuko yameshaisha. Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, ni miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kwenda Lhasa, baada ya kuongea na daktari, hasa kama dawa za salfa zinakudhuru. Vidole vitachonyota na utakwenda haja ndogo mara nyingi. Hayo ni ya kawaida. Anayepepesuka akitembea kisigino kwa kidole kwenye mstari ulionyooka, au anayeishiwa pumzi akiwa amekaa tu, hangoji asubuhi. Anapewa oksijeni na anashushwa usiku uleule. Muulize wakala kabla ya kulipa kama gari litabeba mtungi halisi wa oksijeni wenye kipimo. Makopo yanayouzwa madukani Lhasa huisha kwa dakika chache.

Neno jingine kuhusu hiyo kambi: tangu mwanzoni mwa 2019, mtalii asiye na kibali cha kupanda mlima huishia maeneo ya Rongbuk. Kambi ya wapandaji iko mbele zaidi. Mlima unaonekana vizuri kabisa kutoka Rongbuk, kwa hiyo usikubali kutozwa zaidi kwa ahadi ya kuvushwa.

SWALI: Nimeshapata viza ya China. Sasa wakala wa Lhasa anataka nilipie ziara nzima, muongozaji na gari. Kwani nikifika Chengdu siwezi kununua tiketi ya Lhasa kama ninavyonunua ya Shanghai? (Mombasa)

JIBU: Huwezi, dada, na hapo wakala anakuambia kweli. Mgeni haingii Tibet kwa viza peke yake. Anahitaji kibali cha kusafiri Tibet, kinachotolewa na idara ya utalii ya Lhasa kwa maombi ya wakala aliyesajiliwa, na maombi hayo hubeba ratiba kamili pamoja na muongozaji. Wewe unatuma picha safi ya ukurasa wa pasi na ya viza. Mengine ni kazi yake. Anza mwezi mmoja kabla au zaidi. Ukibadilisha pasi katikati, kibali kimekufa, kwa sababu kimefungwa na namba ya pasi ile. Kibali hukaguliwa kabla ya kupanda ndege au treni, basi usitegemee picha iliyomo kwenye simu. Dai karatasi yenyewe ikufikie hotelini kabla ya siku ya safari.

Nje ya Lhasa kuna kibali cha pili cha idara ya usalama, ambacho muongozaji hukishughulikia mkiwa huko. Kwenda Kailash, mlima mtakatifu, na magharibi yote kunahitaji na cha jeshi, ndiyo maana safari hizo huombwa mapema zaidi. Februari na Machi, kwa kawaida wageni hawaruhusiwi kabisa. Usinunue tiketi ya ndege ya miezi hiyo. Na ukiamua kuingia kupitia Nepal, utapewa viza ya kundi Kathmandu, na hiyo hufuta viza ya China uliyokwishalipia. Chagua mlango mmoja kabla ya kutoa fedha.

Mizigoni: pawabenki isiyo na alama ya 3C (alama ya usalama ya China) hunyang'anywa kwenye ndege za ndani ya China tangu Juni 2025. Picha au kitabu cha Dalai Lama, kiongozi wa dini wa Watibeti aliye uhamishoni, kiache nyumbani, maana atakayepata matatizo zaidi ni muongozaji wako. Askari na vituo vya ukaguzi havipigwi picha. WhatsApp na Google hazifanyi kazi kwenye mtandao wa China. Waage wa nyumbani mapema na uwape njia nyingine ya kukupata.

SWALI: Dada yangu ana AS, yaani amerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, si mgonjwa wa selimundu. Tunataka kwenda pamoja Lhasa na trekingi ya siku 4 kutoka Ganden hadi Samye. Daktari wa mtaani kasema hakuna shida. (Kampala)

JIBU: Tunashukuru sana kwa swali hili, kwa sababu vitabu vingi vya safari vinaandikwa kwa watu ambao kwao AS ni nadra, wakati kwetu ni jambo la kila ukoo. Wengi wenye AS hupanda juu na kurudi salama. Lakini wapo ambao, kwa uhaba wa oksijeni, damu huganda ndani ya wengu na sehemu ya wengu ikafa. Dalili ni maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, kichefuchefu na pengine homa, na mara nyingi huchukuliwa kuwa ni tumbo la kawaida la safarini. Mwenye SS, yaani mgonjwa wa selimundu, asiende kabisa. Mwenye AS aende akijua, akiwa na karatasi ya majibu yake ya damu, anywe maji ya kutosha, asikimbizane na mtu kwenye mwinuko. Maumivu hayo yakianza, ni oksijeni, kushuka na hospitali.

Sasa njia yenyewe. Ganden, monasteri iliyoanzishwa 1409, iko juu ya mita 4,200, na siku ya pili au ya tatu mnavuka Shug La, karibu 5,250, kwa miguu, mbali na barabara. Hapo gari halipo. Kwa dada yako tungeiacha trekingi hii tukaifanya Lhasa na bonde la Samye kwa gari. Wewe ukitaka kuitembea, lala Lhasa usiku 4 kwanza, na hakikisha yaki (ng'ombe wa manyoya marefu wa huko) wanaobeba mizigo wamelipiwa hadi mwisho.

Na nyote wawili bebeni kipimo cha haraka cha malaria. Ugonjwa wa mwinuko huleta kichwa na kutapika, ila homa kali si yake. Mtu aliyetoka Kampala siku 10 zilizopita akapata homa Lhasa apimwe malaria mara moja na amwambie daktari ametoka wapi, maana huko malaria haipo na huenda isiwe jambo la kwanza kufikiriwa.

SWALI: Wazazi wangu wana miaka 68 na 71. Wanataka Lhasa tu. Nimeambiwa treni inauzoesha mwili kuliko ndege. (Muscat)

JIBU: Kidogo sana. Kutoka Xining, mita 2,275, hadi Lhasa ni kilomita 1,956, saa 21 na ushei, na kati ya Golmud na Lhasa kilomita 960 ziko juu ya mita 4,000. Kipito cha Tanggula kina mita 5,072. Oksijeni hupulizwa ndani ya mabehewa, lakini wazee huwa hawalali vizuri, na hufika wamechoka. Kinachowasaidia ni kulala Xining usiku 2 kabla. Wakishafanya hivyo, treni ni safari nzuri mno. Chukua vitanda vya chini.

Lhasa, siku ya kwanza ni ya kupumzika, na kasri la Potala liwe siku ya tatu. Tiketi yake ina saa maalumu, huingii bila pasi, ndani mnapewa kama saa moja, na ngazi ni nyingi zisizo na pa kukaa. Waanze kupanda mapema, wapumzike kila baada ya ngazi 20. Presha na moyo vipimwe kabla ya kutoka Muscat. Na kuhusu chakula halali, ambacho jamaa wa Unguja nao walituuliza: Lhasa ina misikiti na Waislamu wa siku nyingi, na migahawa ya Wahui (Waislamu wa China) yenye tambi za mkono na nyama ya ng'ombe iko hata kwenye miji ya njiani.

SWALI: Mwaka 2026 ni mwaka wa Farasi katika kalenda ya Tibet, na rafiki zangu Wahindu wanazunguka Kailash. Naweza kwenda nao bila mazoezi ya mlima? (Nairobi)

JIBU: Bila mazoezi, hapana. Mwaka wa Farasi mzunguko mmoja huhesabiwa na mahujaji kuwa sawa na 13, kwa hiyo tarajieni msongamano na vitanda vya kugombania. Njia ni kilomita 52. Siku ya kwanza ni kutoka mji mdogo wa Darchen hadi monasteri ya Dirapuk, kama kilomita 20, mteremko na mwinuko wa taratibu kando ya mto. Siku ya tatu ni saa 3 au 4 tu. Kazi yote iko siku ya pili: Dirapuk karibu mita 5,050, kisha Dolma La karibu 5,630, halafu mteremko mkali wa mawe unaoumiza magoti, na bonde refu hadi monasteri ya Zutulpuk. Saa 8 au 9. Ondokeni kabla ya mapambazuko mkiwa na taa za kichwani, fimbo mbili na lita 2 za maji ya moto, kwani chupa za kawaida huganda.

Uamuzi wa kurudi ufanyike Dirapuk, kabla ya mapambazuko ya siku ya pili. Ukiamka pale umetapika au unapepesuka, rudi Darchen kwa njia ya mto uliyoijia. Ukishavuka Dolma La, njia ya karibu ya kutoka ni kumaliza bonde. Mkubaliane na muongozaji mapema nani atarudi na mgonjwa, kwa sababu muongozaji ni mmoja. Wapagazi na farasi hukodishwa Darchen kwa siku zote 3. Wabudha na Wahindu huzunguka mlima ukiwa kuliani kwao, wafuasi wa Bon, dini ya kale ya Tibet, kinyume chake. Mkikutana nao njiani, wapisheni. Kilele hakipandwi na mtu yeyote.