Je, tumsubirishe baba mpaka tupate roboti ya kumtembeza?

SWALI: Baba yangu ana umri wa miaka 61. Miezi 4 iliyopita alipatwa na kiharusi, akapooza upande wa kulia. Sasa anatembea kwa bakora, lakini mguu anauburura na vidole vinakwaa chini. Mjomba ametuonesha kwenye simu mashine ya roboti inayowatembeza wagonjwa nje ya nchi, nasi tunafikiria kuuza sehemu ya shamba la mikarafuu ili tumpeleke. Kwa sasa tunamchua kila jioni na hatumsumbui kwa kutembea. Je, tuko sahihi? (Msomaji, Wete, Pemba)

JIBU: Ndugu yangu, mikarafuu iacheni kwanza, kwani kilichonitia wasiwasi ni maneno yako ya mwisho, kwamba hamumsumbui kwa kutembea. Maneno hayo nayasikia takriban kila wiki, na chanzo chake ni dhana kwamba mguu uliopooza umeishiwa nguvu, na kwamba nguvu hizo zinaweza kutiwa kutoka nje, iwe kwa mafuta, kwa mikono ya mchuaji au kwa mota. Mguu wa baba yako haukuugua. Kilichoharibika ni sehemu ya ubongo iliyokuwa ikiuamuru, na sehemu nyingine hujifunza kuishika kazi hiyo hasa pale mgonjwa mwenyewe anapojaribu, akakosea na akarudia, mara nyingi sana.

Roboti nayo si uongo. Zile za aina ya Lokomat, iliyobuniwa Uswisi, humbeba mgonjwa kwa mikanda juu ya njia inayozunguka, huku mota zikiongoza nyonga na magoti, hata asiyeweza kusimama akapata mamia ya hatua kwa kikao kimoja. Tafiti zinaonesha kuwa wanaonufaika zaidi ni wasioweza kutembea, hasa katika miezi 3 ya mwanzo, tena mashine inapoambatana na fiziotherapi ya kawaida, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Baba yako anatembea. Tatizo lake liko kwenye kifundo cha mguu, ambako Lokomat haina mota. Unyayo huinuliwa kwa mikanda tu. Na mgonjwa akijilegeza, mashine humtembeza vivyo hivyo, naye hutoka amejifunza kidogo tu.

Mpelekeni kwa mtaalamu wa fiziotherapi amkague, aone kama anahitaji kile kifaa cha plastiki kinachovaliwa ndani ya kiatu kushikilia kifundo. Ndara aziache, avae viatu vinavyoshika kisigino. Bakora aishike kwa mkono wa kushoto. Ainuke kitini na kukaa tena mara nyingi kwa siku, akiuelemea mguu wa kulia, na atembee kila siku, msaidizi akiwa upande wake uliopooza.

Kuchua kwa upole hakudhuru, ila hakumfundishi mtu kutembea. Ninaowalaumu ni wale wanaoahidi kupona kwa siku 7, wakavuta mkono uliopooza mpaka bega likatoka mahali pake, au wakakanda kwa mchanga wa moto ngozi isiyohisi moto. Wabaya zaidi ni wanaosema kuwa huo ni upepo tu, na kwamba dawa za presha ziachwe, ilhali presha isiyodhibitiwa ndiyo inayoleta kiharusi cha pili. Yeyote atakayepinda mdomo ghafla, mkono ukamlegea au ulimi ukawa mzito, afikishwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Kisomo kinaweza kusomwa ndani ya gari.