Re: Kriketi ya klabu bado ipo Nairobi?

Ndugu, umeuliza kama kriketi ya klabu imekufa Nairobi, maana magazeti hayaiandiki. Haijafa! Ligi ya NPCA (chama cha kriketi cha Nairobi) ipo, na klabu kama Kanbis, Swamibapa na Ruaraka bado zinamenyana. Wewe anza na uwanja wa Nairobi Gymkhana, upande wa Ngara. Pale ndipo Shahid Afridi wa Pakistan alipofikisha mikimbio (yaani alama) 100 kwa mipira 37 tu aliyorushiwa mwaka 1996, na ndipo Kenya ilipoichapa Sri Lanka kwa mikimbio 53 kwenye Kombe la Dunia 2003, Collins Obuya akiangusha wiketi 5, yaani akiwatoa wapigaji watano. Inaniuma sana kuona uwanja kama huo haupati hata aya moja gazetini. Ukienda, tuandikie matokeo hapa, tafadhali.