Fundi anataka kuing'arisha bunduki ya Whitworth. Nimruhusu?

SWALI: Baba mkwe wangu, Mwingereza, amefariki na kutuachia bunduki ya shabaha ya Whitworth, ile ya kushindilia risasi kwa mdomo wa mtutu. Mtutu umekuwa kahawia, na ndani una kutu. Fundi mmoja anasema aupige msasa, autie rangi ya bluu upya, kisha asugue ndani kwa brashi ya waya iliyofungwa kwenye drili, eti mnadani itapanda bei. Nimruhusu? – Msomaji, Leicester

JIBU: Usimruhusu, ndugu yangu. Kama iko kwake, kaichukue leo.

Swali hili naulizwa mara kwa mara, na wengi huniuliza wakiwa wameshachelewa. Niliwahi kuletewa bunduki ya miaka hiyohiyo inang'aa kama sufuria mpya. Jina la mtengenezaji lilikuwa limelika hadi R ikasomeka P, na kingo zilizokuwa kali zimekuwa butu kama sabuni iliyotumika. Mwenyewe alikuwa amelipa pesa nzuri kwa kazi ile. Sikuwa na la kumsaidia, kwa sababu chuma kilichosuguliwa hakirudi.

Watu wameaminishwa kwamba kung'aa ndiyo uzima. Mkusanyaji hatafuti mng'ao. Anatafuta uso uleule wa chuma ulioachwa na fundi wa kwanza, alama za ukaguzi wa mtutu zikisomeka, na skrubu ambazo vichwa vyake havijatafunwa na bisibisi. Na huo ukahawia unaouonea aibu huenda si uchakavu. Mafundi wa Uingereza wa karne ya 19 walikuwa wakiutia mtutu kutu kwa makusudi, wanausugua, wanarudia tena na tena kwa siku kadhaa, mpaka kutu inakuwa ngozi nyembamba ya kahawia inayokinga chuma. Fundi wako anataka kuichuna ngozi hiyo kwa msasa, tena umlipe!

Hilo la drili ndilo linaloniudhi zaidi. Tundu la Whitworth si la mviringo kama la bunduki nyingine. Lina pande sita, zinazojiviringa mzunguko mmoja kamili kila inchi 20. Joseph Whitworth wa Manchester ndiye aliyeonyesha London mwaka 1851 mashine ya kupima sehemu ya milioni moja ya inchi, na umakini huohuo aliuweka ndani ya mtutu huu. Mwaka 1860, Malkia Victoria alifungua mashindano ya kulenga shabaha ya Wimbledon kwa kufyatua Whitworth iliyofungwa kwenye kiegemeo, yadi 400, na risasi ikatua karibu kabisa na kitovu cha shabaha. Sasa mtu aingize humo waya unaozunguka kwa umeme? Kona zile sita ndizo zitakazolika kwanza, na bila kona hizo huna Whitworth, una bomba.

Wang'arishaji hawa hawaishii kwenye bunduki. Sarafu za kale, majambia ya Oman, vyombo vya shaba vya mabibi zetu, vyote vinaharibiwa kwa stilwaya na asidi kisha vinaitwa "vimekarabatiwa". Anayekuahidi bei kabla hajasoma hata alama moja kwenye kitu chako, mwogope.

Kabla ya yote, hakikisha gobori hilo halina shehena. Yako mengi yaliyotundikwa ukutani miaka na miaka yakiwa na baruti ndani. Simama pembeni, si mbele ya mdomo, ingiza kijiti cha mbao taratibu hadi kigote, weka alama ya chaki usawa wa mdomo, kisha kilaze juu ya mtutu kwa nje, alama ikiwa palepale kwenye mdomo. Ncha isipofika karibu na pale fataki (kile kikofia kidogo cha kuwashia baruti) inapokaa, kuna kitu ndani. Usikichokoe. Mpigie muuza bunduki aliyesajiliwa na polisi.

Ikiwa tupu, tia mafuta mepesi kwenye kitambaa cha pamba, futa nje taratibu, basi. Kutu nyekundu inayoacha unga kidoleni mwachie mhifadhi wa silaha za kale. Kisha piga picha za maandishi yote, hata yaliyo chini ya mtutu, uwapelekee wathamini wa minada wawili tofauti ikiwa vilevile ilivyo.